Mpira wa Jana Msumarini

Walimwita Mama Povu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mkavu kazini. Aliosha machujio ya kiwanda cha mafuta ya kula: mirija ya nyavu za chuma, mirefu kama mkono wa mtu, inayokaa ndani ya mitungi na kuzuia makapi mafuta yanapopita. Machujio hayo hayatupwi. Huchemshwa kwenye maji ya magadi, yakasuguliwa kwa brashi, yakapulizwa kwa hewa ya kompresa, kisha yakakaguliwa kwa taa.

Taa ndiyo iliyokuwa fahari yake. Aliingiza taa nyembamba ndani ya chujio na kuligeuza taratibu. Wavu mzima hutoa mwanga laini pande zote. Penye tundu, mwanga hukuchoma jicho. Kwa miaka mingi hakuna tundu lililompita, na hilo alilisema mwenyewe bila kuona haya, hasa mbele ya wifi yake.

Wifi, dada wa mumewe, ndiye aliyefunga mitungi. Walikuwa na utaratibu wao. Mama Povu akishaosha mtungi, aling'oa kwa kijiti mpira wa zamani kwenye mfereji wa mfuniko, ule wa duara unaozuia mafuta yasivuje, maana bisibisi huchubua chuma, akautundika msumarini ukutani. Wifi alipouona msumarini ndipo alipotoa mpya. Hata hivyo, kabla ya kuuweka, alipitisha kidole kwenye mfereji.

"Nakukagua wewe, si mtungi," alikuwa akimtania.

Shida ni kwamba tangu mvua zilizopita jicho la kulia la Mama Povu lilikuwa limeingia ukungu, na la kushoto halikuwa nyuma sana. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Aliogopa kunyang'anywa taa, na bila taa hakujua angekuwa nani pale kiwandani. Akajitia hamnazo, akazidisha kusugua.

Siku hizo wifi naye alikuwa amenuna. Aliwaazima Mama Povu na mumewe sufuria walipopata wageni, ikarudi na ukoko umegandia chini.

"Mtu anaosha machujio ya kiwanda kizima," alimlalamikia kaka yake, "mimi ananirudishia sufuria na ukoko. Kama si dharau ni nini?"

Kaka mtu, ambaye si mpenda kesi, aliufyata. Tangu hapo mawifi wakawa wanasalimiana kwa kikohozi.

Asubuhi moja Mama Povu aliosha mtungi ulio karibu na ukuta. Mpira wake ulikuwa mweusi, umenata kwenye mfereji uliokuwa mweusi vilevile. Akiwa na kijiti mkononi, alitazama ukutani, akaona duara jeusi msumarini. Akajua ameshautoa. Kumbe lile duara lilikuwa mpira wa jana, ambao hakuutupa.

Wifi alipokuja, naye aliona mpira msumarini, akatoa mpya. Siku nyingine angepitisha kidole. Siku hiyo hakutaka hata kugusa palipopita mkono wa wifi yake. Akaubana mpira mpya juu ya wa zamani, akakaza boliti.

Pampu ilipowashwa, mfuniko ulishikilia kidogo, kisha mafuta ya moto yakafyatuka kwa pembeni. Yalimpata wifi kuanzia kiwiko kushuka chini. Mitambo ikazimwa, sakafu ikawa utelezi mtupu, watu wakakimbilia maji.

Msimamizi, baba mmoja mpole anayeongelea puani, alifungua mfuniko mwenyewe, akakuta mipira miwili imebebana.

"Nani kafunga hapa?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi," wifi alisema, mkono umefunikwa kitambaa cha maji. "Sikupitisha kidole."

"Basi mitungi utaiacha. Ukipona utakwenda kufagia ghala."

Mama Povu alikuwa nyuma ya watu. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyemtazama, na kwa kweli alinyamaza kwanza. Aliona aibu kwamba wazo hilo lilimjia na likakaa. Ndipo akapiga moyo konde, akapenya mbele.

"Ule mpira wa msumarini ni wa jana," alisema. "Wa leo sikuutoa. Bosi, mimi siku hizi sioni vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

Msimamizi akanyoosha mkono. "Naomba taa, mama. Utabaki kwenye kusugua mpaka daktari wa macho aseme. Na haya machujio yote yatakaguliwa upya." Akamgeukia wifi. "Wewe ghala sahau. Mkono ukipona, taa utashika wewe."

Mama Povu aliifuta taa kwa aproni, akaitoa. Iliuma kuliko alivyotarajia.

Baadaye mawifi wawili walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha huduma ya kwanza, wakisubiri gari. Wifi alikuwa ameinamia bandeji yake.

"Wifi," alisema mwishowe, "ile sufuria yangu, kabla ya kuirudisha, uliiosha?"

"Niiache kuiosha? Niliisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa. Nikasema wifi leo atanisifu, wala hukusema kitu." Mama Povu akamgeukia na macho yake yenye ukungu. "Kwani ilikuwa na nini?"

Wifi aliyatazama yale macho.

"Haikuwa na kitu," alisema. "Ilikuwa inang'aa."