Ini la Baba Mkwe

Jamani, nichekeni tu, nimeshazoea. Mimi ni daktari hapa Same, najifunza kutoa mfuko wa nyongo kwa vitundu vidogo, bila kupasua tumbo lote. Nyumbani nafanyia mazoezi kwenye boksi la sabuni: vyuma virefu vinapita pembeni, kamera ya simu inachungulia ndani, nami naangalia picha kwenye televisheni ya sebuleni.

Jumapili baba mkwe akashuka kutoka Chome. Ana mawe kwenye nyongo, na alitaka kuona kama mkwe wake ni wa kuaminiwa. Tukamchinjia mbuzi. Nikamwambia mke wangu, "Ini la mzee niachie, nyongo naitoa mwenyewe."

Sebule ilijaa wageni, kwa hiyo nikajifungia chumbani na boksi langu, nikitazama kioo cha simu. Nikawa navuta kwa madaha, mara paa! Nyongo ikapasuka, ini lote likawa kijani. Nikaliosha, nikalikamulia ndimu, nikalichoma harakaharaka. Nani angejua?

Nikaingia sebuleni na sahani, kifua mbele. "Karibu ini, baba. Nyongo imetoka nzima kabisa."

Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Baba mkwe akanyoosha kidole kwenye televisheni. Simu ilikuwa bado inarusha picha: boksi langu, tupu, limelowa kijani.

"Tumeangalia mwanzo mpaka mwisho," akasema, mkono mmoja ukilinda tumbo lake, mwingine ukinisukumia sahani. "Anza wewe, daktari."