Ukweni kwa Miguu

Mke wangu alifariki mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zinanyesha, tukamzika Tabora. Mama yake hakuja mazikoni. Alikuwa ameshaanza kupotewa na kumbukumbu, na barabara ya kutoka Ulyankulu ilikuwa tope tupu. Binti yake mdogo, ambaye ndiye anayeishi naye, alimweleza msiba, mama akalia siku nzima. Kesho yake akaamka akauliza mbona yule mkubwa hapigi simu.

Shemeji yangu huyo aliponisimulia hayo kwa simu, mvua zilikuwa zimekwisha, nami nilikuwa nimekaa nyumbani Isevya, mjini Tabora, muda mrefu bila la kufanya. Nimefanya kazi reli hadi kustaafu. Nimeishi stesheni ndogo kama ile ya Kigwa, ambako siku nzima inakwenda katika kusubiri treni mbili. Mtu wa reli hajui kutembea, anajua kungoja. Aliyekuwa na hamu ya kutembea ni mke wangu. Alizaliwa makazi ya wakimbizi Ulyankulu, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi mwaka sabini na mbili, na utotoni mwake hawakuruhusiwa kutoka bila kibali. Njia ya kuja Tabora aliijua kwa kusimuliwa na wakubwa. Baadaye, tulipooana, tukawa tunakwenda kwao kwa basi, naye akikaa dirishani ananiambia kwamba siku moja tutaipita njia hii kwa miguu, tulale vijijini, tuone watu wanavyoishi. Akanunua begi la mgongoni la mtumba, kubwa, la rangi ya udongo, lenye kamba za kufungia kiunoni. Nilimtania kwamba ataonekana mtalii. Halafu figo zikaanza kumsumbua, begi likabaki juu ya kabati.

Mwezi wa sita nikalishusha. Nikatia shuka, sweta, sufuria ndogo, dawa za malaria na khanga zake mbili ambazo nilitaka zimfikie mama yake. Majirani waliponiona naondoka walidhani naelekea kituo cha basi, nami sikuwasahihisha.

Huko nje ya mji, ile njia ya zamani ya misafara huwezi kuiona kama njia moja. Pengine ni barabara ya changarawe, pengine ni kijia cha ng'ombe, pengine inaingia katikati ya shamba la mtu na kupotea. Watoto wa shule wanaambiwa kwamba wapagazi walipita hapa na pembe za ndovu mabegani. Mimi nilipita na begi la mtumba, miguu ikiwa na malengelenge kabla jua halijasimama utosini. Mahindi yalikuwa yamevunwa. Kwenye mabani ya kukaushia tumbaku ilitoka harufu tamu inayokwaruza koo, na juu ya miti mizinga ya nyuki ililala kama magogo yaliyosahauliwa na mtu. Njia nzima nilikuwa nikigeuka kutaka kumwonyesha kitu. Nilimwonyesha kundi la kanga waliovuka mbele yangu. Nilitamka kabisa, kwa sauti, kisha nikasimama pale nikiona aibu, ingawa hapakuwa na mtu.

Vijijini walinidhania afisa. Pengine nilikuwa mtu wa chanjo ya ng'ombe, pengine mpima ardhi. Nikisema natembea tu, walinitazama kwa mashaka, maana mtu mzima hatembei tu. Kwenye boma moja la Wasukuma, ambako niliomba mahali pa kulala, mama mwenye nyumba alinipokea vizuri, akanipa michembe iliyochemshwa na karanga, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, lakini swali likawa lile lile: naenda wapi na kwa shughuli gani. Nikasema naenda ukweni. Hapo uso wake ukafunguka. Hilo alilielewa. Akacheka, akauliza ni mkwe gani anakwenda ukweni na begi la nguo bila hata kuku, na mwenzangu yuko wapi.

Nikamwambia.

Alichukua lile bakuli langu, akaongeza michembe, akalirudisha. Mume wake, aliyekuwa akikaza kamba za kitanda pembeni, aliacha kazi akaja kukaa karibu yangu. Tulikaa hivyo mpaka ng'ombe walipoingia zizini. Asubuhi, nilipokuwa nafunga begi, yule mama alinikabidhi jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Akasema, "Huyu mpelekee mama. Mwambie ametoka kwa mke wako." Nikambeba kwapani njia iliyobaki. Alikuwa mzito na mwenye hasira, lakini alikuwa na joto, na tangu mwezi wa pili sikuwa nimebeba kitu chenye joto.

Nilifika Ulyankulu mchana. Mama mkwe alikuwa uani amekaa kwenye mkeka, anabangua karanga. Kwetu Unyamwezi mkwe ana mipaka yake. Miaka yote ya ndoa yangu nilimwamkia yule mama kwa mbali, nimechutama, macho chini, na hatukuwahi kula mahali pamoja. Nikamtua jogoo chini, nikachutama kama kawaida, nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akanitazama sana, kisha akaangalia nyuma yangu, kule njiani.

"Umekuja peke yako?"

Shemeji alikuwa jikoni. Sikumngoja. Niliona kwamba mama ana haki ya kuambiwa na mimi niliyekuwepo. Nikamweleza polepole, kwa heshima, kwamba binti yake aliugua, kwamba tulimpeleka hospitali, kwamba Mungu alimchukua na tulimzika vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, akaanguka kifudifudi juu ya zile karanga. Majirani walikuja mbio, wanawake wakishikilia khanga zao, wakidhani kuna kifo kipya. Walimwinua, wakamkumbatia, wakakaa naye kama wanavyokaa msibani, na wengine wakaanza kuimba wimbo wa kanisani. Wengi wao walikuwa wameshalia msiba huo huo mwezi wa pili, kwenye ua ule ule.

Kabla ya jioni mama alinyamaza. Akafuta uso, akasogeza ungo, akaendelea na karanga. Kisha akamuuliza shemeji kama dada yake atakuja kabla karanga hazijaisha.

Asubuhi iliyofuata alinikuta uani, akauliza kama nimekuja peke yangu. Nilifungua mdomo. Shemeji, aliyekuwa anafagia, alikuja akasimama kati yetu, akanivuta hadi nyuma ya nyumba. Ni mwanamke mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku ile hakuipandisha. "Shemeji," akasema, "ukimwambia kila siku, utamzika kila siku. Mimi nilifanya hivyo mwezi mzima. Nimeacha."

Nikarudi uani nikamwambia mama kwamba mke wangu amebaki Tabora. Haukuwa uongo. Mama akaitikia kwa kichwa, akatenga karanga pembeni, kwenye kibakuli, akasema hizi ni za kwake.

Nilikuwa nimepanga kulala siku chache na kurudi, lakini nilibaki. Nilimsaidia shemeji kupukuchua mahindi. Nilichota maji kisimani kwa baiskeli, wanawake wakinicheka namna ninavyofunga madumu. Nilikwenda nao kanisani, nikakaa benchi la nyuma na wazee waliozungumza Kirundi kabla ya ibada na Kiswahili baada yake. Kila asubuhi mama aliniuliza swali lile na kila asubuhi nikamjibu lile lile. Wengine huzika mara moja wakapumzika. Mimi nilikuwa nalazimika kumfanya mke wangu awe hai mdomoni, halafu niende zangu kisimani nikijua hayupo.

Kitu kingine kilibadilika. Mama aliacha kunichukulia kama mkwe. Akaanza kukaa karibu nami, bega kwa bega. Akanimegea ugali kwenye sahani yake. Siku ya kwanza niliruka kama niliyeunguzwa, nikamtazama shemeji, naye akaniashiria kwa jicho nikae. Mama akawa ananiita musaza, musaza wanje, na mimi Kirundi sikijui, nikadhani ananiita mzee. Nikaitikia.

Siku moja baada ya chakula cha mchana tulikuwa wawili tu, shemeji amekwenda shambani kung'oa mihogo. Nilikuwa nimempa zile khanga. Alikuwa amejifunga moja, na nyingine ameikunja mapajani anaipapasa. Akasema bila kunitazama:

"Ulipita wapi? Tulikungoja mtoni."

Nikauliza mto gani. Akasema Malagarasi, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Akasimulia, Kiswahili kikiingia Kirundi na kurudi. Walikuwa wamekimbia na mama yao, yeye na mumewe kijana, na kaka yake aliyerudi nyuma kumfungua ndama aliyebaki na kamba shingoni. Aliwaambia watangulie. Walifika mtoni, wakakaa kwenye matete. Watu wengine walivuka, wao wakangoja. Mama yao alikataa kabisa kuvuka bila yule kijana, na mwishowe ilibidi wamburute majini, akiita. Upande wa pili walikaa wakitazama walikotoka. Hakutokea mtu.

"Tulikungoja," akasema tena. Sasa alikuwa amegeuka na kunitazama, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. "Mama amekufa anakuuliza."

Nilimwona mwanamke aliyekuwa anangoja jibu kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Nami nilikuwa mtu pekee aliyekaa mbele yake.

"Nilichelewa, dada," nikasema. "Nilipita njia nyingine."

Akanishika mkono. Mama mkwe wangu alinishika mkono, akaegemeza paji la uso juu yake, nasi tukalia pamoja pale kwenye mkeka. Yeye alimlilia kaka yake. Mimi nilimlilia binti yake, na yeye hakujua.

Shemeji aliporudi nilimhadithia yote. Alitua kikapu cha mihogo, akakaa juu ya kinu. Ndipo nilipojua kwamba musaza ni neno ambalo mwanamke humwitia kaka yake. Akaniambia kwamba hawakuwahi kusikia habari hiyo, yeye wala marehemu dada yake. Mama alikuwa akiwaambia kwamba alizaliwa peke yake. Walipomsumbua utotoni kuhusu kule alikotoka, aliwatuma kuchota maji.

"Alimwita nani?" akauliza. "Alitaja jina?"

Hakutaja. Siku zilizofuata tulijaribu kumuuliza, shemeji kwa Kirundi na mimi kwa Kiswahili, lakini ule mlango ulikuwa umefungwa. Alitutazama kwa upole, kama watu waliokosea nyumba. Kuhusu binti yake mkubwa pia aliuliza kwa nadra zaidi, na hatimaye hakuuliza tena. Nilidhani ningeona nafuu. Siku ambayo sikuulizwa nilizunguka kile kisima kama mtu aliyepoteza kitu.

Nilirudi Tabora kwa basi, malengelenge yakiwa yamekauka. Mama alifariki mwaka huo huo, mvua za kwanza zilipoanza, usingizini. Nilikwenda. Kaburi lilichimbwa kwenye udongo laini nyuma ya shamba la mihogo. Katekista alisoma majina ya wale waliomtangulia ili waombewe pamoja naye: mumewe, wazazi wake, kisha mke wangu. Aliposikia jina la mke wangu, shemeji alinishika kiwiko. Katekista akafunga kitabu. Shemeji akainua mkono, kama mwanafunzi, akasema bado yupo mmoja.

Katekista akauliza jina.

"Kaka yake," shemeji akasema. "Semeni tu kaka yake."

Katekista akasema, na kaka yake. Watu wakaitikia, wengine wakigeuka kuulizana ni nani. Kisha tukaanza kutupia udongo.