Paka wa Bibi na Beberu wa Balozi

Tulipohamishiwa kijijini, lori lilibeba vinu, ngozi za kulalia, kuku, na bibi yangu akiwa amekaa juu ya gunia la mtama. Paka hawakubebwa. Kwetu paka huhesabiwa kuwa wa nyumba, si wa mtu; ukihama unamwachia nyumba yake. Bibi peke yake ndiye aliyekaidi. Paka wake wa kijivu, mwenye sikio lililochanika, alimficha tumboni chini ya kanga. Dereva akamtazama, akauliza, "Bibi, una mimba?"

"Ya mwisho hii," bibi akamjibu.

Tulicheka njia nzima.

Paka wengine walikaa mahame, kule tulikohama, hadi njaa ilipowabana, kisha wakatufuata wenyewe kwa miguu. Walikuwa wameshakuwa wakali, na hakuna aliyekubali kwamba ni wake. Wakazaana nyuma ya ghala la kijiji, wakamaliza vifaranga, wakapigana juu ya matembe mpaka udongo wa paa ukatumwagikia kwenye ugali.

Balozi wetu wa nyumba kumi akaita mkutano. Likakatwa shauri: mwenye paka amfunge kitambaa chekundu shingoni. Jumamosi vijana watapita na magunia, na asiye na kitambaa atarudishwa mahame.

Nikanyoosha mkono. "Shikamoo, balozi. Na wao watapelekwa kwa lori?"

Watu wakaangua kicheko. "Kaa chini, binti. Hujaulizwa," balozi akasema.

Nguo zilikuwa za shida wakati huo. Bibi alikuwa na kanga mbili tu, na akachana pindo la ile nyekundu kwa ajili ya paka. Tangu tuhame hakuwa na kitu kingine anachoongea nacho. Sisi alitusalimia tu.

Jumamosi asubuhi, bibi akiwa ameshatangulia shamba la kijiji, nilimwona beberu wa balozi amefungwa nje, ndevu zake na za balozi mwenyewe hazitofautiani. Wazo likanijia. Kitambaa cha kuchezea ningekipata wapi? Paka wa bibi alikuwa amelala jikoni. Nikamvua. Nilijiambia nitamrudishia kabla chai haijapoa.

Balozi alikuwa anagawa kazi shambani nilipomwachilia beberu katikati ya watu, kitambaa shingoni. "Balozi!" nikapiga kelele. "Paka wako amekua!"

Majembe yalianguka. Hata bibi alicheka, kwa mbali, macho yake hayaoni vizuri. Balozi akanikimbiza nikamzungusha shamba zima, kisha kila aliyechelewa nikamsimulia upya. Niliporudi nyumbani magunia yalikuwa yameshapita.

Bibi alirudi mchana, akaita jikoni, akaita nyuma ya nyumba. "Kitambaa kilifunguka?" akaniuliza.

"Labda kilifunguka, bibi."

Wakati huohuo beberu akapita mlangoni. Bibi alimshika pembe, akakivuta kile kitambaa karibu na macho, akaupapasa ule mshono wa pindo alioushona mwenyewe. Akamwachia beberu aende. Hakunigombeza. Afadhali angenipiga.

Jumapili nilikwenda mahame na kichwa cha kambale mkononi. Nilifika jua likiwa kichwani. Tembe letu lilikuwa kuta tu, miti ya paa tulishaing'oa, na ua wa minyaa umefunga njia. Ndani, juu ya mafiga ya bibi, alikaa paka wa kijivu mwenye sikio lililochanika.

Nikamwita kama bibi anavyomwita. Nikamtupia kichwa cha kambale. Akanitazama kama mtu asiyekujua, akapanda ukuta, akaingia kwenye minyaa. Nikasubiri mpaka kivuli cha ukuta kikanifunika. Hakutoka.

Safari hii nilimwambia bibi kweli, yote.

"Alikaa wapi?"

"Juu ya mafiga."

"Yangu?"

"Yako, bibi."

"Kumbe yapo," akasema, na ndiyo yalikuwa maongezi yetu ya mwisho yenye urefu.

Shuleni bado nawachekesha. Nyumbani nimejaribu kila kitu: mwendo wa balozi, sauti ya mwalimu mkuu, bibi hata hageuki. Juzi nikajaribu ile ya dereva. "Bibi," nikasema kwa sauti nene, "una mimba?"

Mkono wake ukaenda tumboni, chini ya ile kanga isiyo na pindo, ukapapasa. Kisha akageukia ukutani.

Nimeacha.