Uzi shingoni mwa fundi wa funguo

Barabara bado haijapata kelele zake za asubuhi, na fundi wa funguo ameshabana ufunguo kwenye jiliwa. Anakwaruza kwa tupa mara mbili tatu, anasimama, anapitisha ukucha juu ya meno ya ufunguo. Haangalii mikono yake. Macho yamebaki mlangoni.

"Jino la tatu bado liko juu," anasema, kisha anampa ufunguo mwanamume aliyeketi kando yake.

Mwanamume huyo, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, anaumalizia kwenye mashine. Mtaa mzima unamwita Bati, na mwenyewe huitika. Jina hilo alilipata siku alipoingia kwenye kibanda hiki kwa mara ya kwanza. Hakupitia mlangoni. Aling'oa bati la paa, akashuka, akatoka na mashine ya kuchongea funguo. Alikamatwa akafungwa, mashine ikarudi. Leo ndiye anayeiendesha.

Habari kama hii, mtu akisimuliwa, hushika mfuko wake kwanza. Mwandishi wa simulizi hii naye alishika wa kwake. Katika kazi yake amekutana na wengi wanaolitaja jina la Yesu kabla ya kutaja bei, na wachache kati yao walimrudishia chenji yote. Alikuja hapa kutafuta mahali ambapo simulizi hii inavuja.

Fundi ana miaka sitini na mitatu. Kazi alifundishwa na mjomba wake, tangu enzi za kuchonga kwa tupa peke yake. Imemsomeshea watoto na kumwezekea paa, hilo hilo lililokuja kung'olewa. Kuhusu paa hilo ana utani wake, na anapenda kuusema mbele ya Bati. Anasema hata Yesu aliwahi kufumuliwa paa akiwa ndani anafundisha, watu wakamteremsha mgonjwa katikati ya mkutano, na haikuandikwa popote kwamba aliuliza nani atalipa.

"Mimi si mhubiri," anasema. "Kupaza sauti sijui. Ila siwezi kumsifu Yesu Jumapili, Jumatatu nikajifanya sikusikia alichosema. Alisema mtembeleeni aliye kifungoni. Mimi nilikuwa namjua mmoja tu."

Basi akaenda. Alikwenda gerezani mara kwa mara, na kipande cha sabuni mfukoni, kukaa mbele ya mtu aliyemwibia. Mara nyingi walikaa kimya mpaka muda ukaisha. Bati anakiri kwamba hakuguswa hata kidogo.

"Nilijua ananitega," anasema. "Mtu umembomolea, anakuletea sabuni? Sabuni ya kwanza sikuoga nayo. Niliikata katikati nione kuna nini ndani."

Alipotoka, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda kumuuliza mzee alikuwa anataka nini kwake. Mzee akamwambia anataka mtu wa kushika tupa, kwa sababu macho yanaanza kufifia. Bati akakaa akisubiri mtego ufyatuke. Anasema alisubiri muda mrefu sana.

Ukitaka kuelewa kwa nini mtaa ulikasirika Bati alipopewa kazi, lazima uijue droo. Iko chini ya meza ya kazi, ni ya chuma, na ndani yake kuna funguo za akiba za karibu kila nyumba ya barabara hii. Ukijifungia nje, unamkimbilia fundi. Kila ufunguo umefungwa kipande cha uzi wa rangi. Hakuna jina wala namba. Uzi mmoja wa bluu una fundo moja, mwingine mafundo mawili, na nyumba ipi ni uzi upi anajua fundi peke yake, kichwani. Mwizi akiivunja droo ataondoka na furushi la chuma kisichojua mlango wake.

Na karibu na droo hiyo, kwa hiari yake, fundi ameketisha mwizi.

Mke wake hafichi anachofikiri. Amestaafu kazi ya utunzaji stoo, na kwa miaka yake yote kazini alikuwa akihesabu mzigo ukiingia na kuuhesabu tena ukitoka, hata kama aliyeubeba ni ndugu yake. Anasali kanisa moja na mumewe, benchi moja. Lakini anasema kumsamehe mtu ni jambo moja na kumpa ufunguo ni jambo jingine, na kwamba Yesu hakuwahi kumwambia mtu aache mlango wazi.

Siku waliyogombana, chakula kikiwa mezani, fundi alimkumbusha kwamba katika wale kumi na wawili, aliyeshika mfuko wa fedha alikuwa mdokozi. Yesu alilijua hilo, na hakumnyang'anya mfuko.

"Na mwisho wake ulikuwaje?" mke akamuuliza.

Mkewe, ambaye Bati humwita Mama, anasimulia haya akicheka, ila anacheka kama mtu aliyeshinda kesi. Anasema mzee alikaa na swali hilo siku kadhaa, kisha asubuhi moja akiwa anavaa viatu akamwambia kwamba hata hivyo, usiku wa mwisho, Yesu alimwosha miguu na yeye.

Mpaka hapo simulizi haikuwa imevuja. Ilivuja adhuhuri, joto lilipozidi na fundi akafungua vifungo vya shati. Shingoni alikuwa na uzi mweusi, na kwenye uzi, ufunguo mdogo bapa.

Ni ufunguo wa droo. Mlango wa kibanda Bati anao ufunguo wake. Mashine ni yake kuanzia asubuhi hadi jioni. Lakini mteja akija kwa ajili ya ufunguo wa akiba, fundi huinama mwenyewe, huuvuta uzi, hufungua, huchukua, hufunga. Mwandishi alimuuliza mbona Yesu aliacha mfuko wote na yeye ameacha nusu.

Fundi aliurudisha uzi ndani ya shati. Kisha akaeleza.

Katika kazi hii kuna desturi. Ukichonga ufunguo ukaharibika, unaukunja kwa koleo mbele ya mteja mwenyewe, aone kwamba hautafungua mlango wake tena, ndipo unautupa kwenye kopo la chuma chakavu. Bati, mwanzoni mwanzoni, alipewa ufunguo wa duka la dawa achonge nakala. Akaharibu nakala. Kwa woga wa kuonekana hajui kazi, akashika koleo haraka, akakunja ufunguo halisi badala ya ule ulioharibika. Alipogundua, akautumbukiza kwenye kopo na kufunga mdomo.

Mwenye duka la dawa alipokuja kuuchukua, ufunguo haukuonekana. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Mwenye duka akabadilisha vitasa vyote, mtaa ukasema, "Si tulisema?", na jioni ile fundi akaivaa droo shingoni.

Wiki kadhaa baadaye alimwaga kopo ili auze chuma chakavu, na ufunguo ukaanguka miguuni pake, umekunjwa katikati. Kwa hiyo alijua. Bati hakuiba. Bati aliogopa. Fundi alikwenda mwenyewe duka la dawa na ufunguo uliokunjwa mkononi, akaeleza. Mwenye duka akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hata kama." Alikubali kuacha ufunguo mpya wa akiba, kwa sharti kwamba droo isishikwe na mtu mwingine.

"Na uzi hukuuvua," mwandishi alisema.

"Sikuuvua."

"Kwa nini?"

"Kila asubuhi nasema leo. Naona aibu kukuambia. Namuombea, nakula naye, halafu nikiinama kufungua droo namgeuzia mgongo asione. Kinywa changu kimesamehe zamani. Mkono ndio haujapata habari."

Bati alikuwa anasikia. Aliendelea kusugua mashine kwa kitambaa mahali palipokwisha kuwa safi.

Macho ya fundi hayatamvumilia zaidi. Ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Siku hizi uzi wa kijani na wa bluu kwake ni rangi moja, mafundo mawili huyaona moja, na mwezi uliopita alimpa mwalimu wa jirani ufunguo wa nyumba ya fundi cherehani. Mwalimu aliurudisha akicheka. Fundi hakucheka. Hospitali ikampa siku ya kupasuliwa, na ikamwambia atakaa na bandeji, kisha nyumbani bila kushika kazi kwa muda. Kibanda kikifungwa muda wote huo, wateja watahamia barabara ya pili. Kikibaki wazi droo ikiwa imefungwa, atakayejifungia nje atalala nje. Mama alitaka kaka yake mwenyewe aje ashike kibanda.

Siku yenyewe walikwenda wote watatu, fundi, mama na Bati. Mwandishi aliwasindikiza, kwa sababu alitaka kuona uzi unaishia wapi.

Muuguzi alimpa fundi vazi la hospitali, akamwambia avue kila kitu, saa, pete, na cha shingoni. Mama akanyoosha mkono kama mtu anayepokea kilicho chake. Fundi akauvua uzi. Akaushika kitambo. Kisha akaupitisha pembeni ya mkono wa mkewe na kumwelekezea Bati.

Bati hakuupokea. "Mzee, mpe Mama," alisema. "Kikipotea kitu, nitarudi nilikotoka."

"Nakupa wewe."

Bati akautazama ufunguo. "Na rangi?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Mama akageuza uso kwa mumewe, na mtu asingehitaji kumuuliza alikuwa anafikiri nini. Ufunguo wa droo si kitu bila rangi. Aliyepewa rangi ndiye aliyepewa milango. Hapo hata mwandishi alisema moyoni kwamba mtego sasa umefyatuka, ila umemnasa mzee.

Fundi alikaa kitandani, miguu ikining'inia. Alifumba macho, kwa maana yakiwa wazi hayakuwa na faida kubwa, akaanza kutaja. Nyekundu fundo moja, mwalimu. Nyekundu mafundo mawili, fundi cherehani. Njano, wale wapangaji wa juu. Alitaja mtaa wote, mlango kwa mlango, na Bati alirudia kila moja kwa midomo. Mama hakuondoka. Alisikiliza kila rangi, kama shahidi. Ya mwisho ilikuwa kijani, duka la dawa.

Kisha mama akachukua uzi kutoka mkononi mwa mumewe, akauvisha shingo ya Bati mwenyewe, na kukaza fundo mara mbili.

"Mimi sikuamini," alimwambia. "Anayekuamini ni yeye. Usimwaibishe."

Kesho yake mama alihamishia kiti chake kibandani, akakiweka mbele ya droo. Alikuja na kazi yake ya kusuka na hakusuka. Bati alichonga, akaharibu ufunguo mmoja, akaukunja mbele ya mteja. Kabla ya kuukunja aliutazama pande zote mbili, na mama naye akaukagua.

Habari haikukawia. Saa nne hivi mwenye duka la dawa alisimama mlangoni, bila salamu ndefu, akasema amefuata ufunguo wake. Bati akauvuta uzi shingoni, akainama, akafungua. Akatoa ufunguo wenye uzi wa kijani.

Mwenye duka aliukagua. "Nani kakuambia kijani ni mimi?"

"Mzee."

Aliutia kwenye pochi, akamgeukia mama, akamwambia, kama Bati hayupo, kwamba wema wa mumewe utawatia wote hasara na kwamba yeye kama mtunza stoo analijua hilo vizuri. Mama aliitikia kwa kichwa. Ni maneno yake mwenyewe, alikuwa akiyasema mezani kwa muda mrefu. Lakini yalipotoka kwenye kinywa cha mwingine, na Bati amesimama pale na droo wazi, yalimkera, na anakubali kwamba yalimkera. Mwenye duka akaondoka.

Bati alibaki ameinama, anatazama pengo mahali ulipokuwa uzi wa kijani.

Mama alifungua pochi yake. Alitoa funguo za nyumba yao, akachomoa mmoja kwenye pete, akauweka juu ya meza ya kazi.

"Ufunge uzi," alisema. "Bado sikuamini. Lakini nafasi ipo."

Jioni ile, hospitalini, fundi alikuwa amelala na bandeji usoni. Mwandishi alimuuliza ana mpango gani. Akasema atakapofunguliwa, hataki kuoneshwa kioo wala dirisha. Anataka apelekwe kibandani, droo ifunguliwe na mwenye ufunguo, yeye asimame kando kama mteja na ajaribu kuzisoma rangi. Uzi, alisema, haurudi shingoni kwake. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayejiombea.

Mke wake akamsimulia ya mchana, tangu duka la dawa hadi ufunguo wa nyumba. Fundi alitafuta mkono wa mkewe juu ya shuka mpaka akaupata.

"Umeufunga rangi gani?" akauliza.

"Mimi sijafunga," mama alisema. "Muulize mwenye droo."