Mazishi Ambayo Kavindu Aliyaona

Huko Kanyangi, mtu akitaka harusi yake irekodiwe, au mazishi yarushwe moja kwa moja kwa jamaa walio mbali, humtafuta Kalekye. Alianza na simu, akahamia kamera ya mitumba, na mwishowe akanunua laptopu ya gemu. Hakuwa na nia ya kucheza chochote. Muuzaji alimweleza kwamba kompyuta za kawaida hulemewa na video, ilhali hii, iliyoundwa kwa michezo mizito, ingekata na kuunganisha picha bila kuchoka. Ilikuwa nzito kama tofali, na vitufe vyake viliwaka taa nyekundu na kijani.

"Hiyo ni kompyuta ama ni disko?" binamu yake Muindi alimuuliza siku ya kwanza.

"Ni disko. Na wewe huna tiketi."

Jumapili iliyofuata aliipeleka kanisani. Ndivyo wafanyavyo katika kanisa lao. Kitu kipya cha kutafutia riziki, kiwe cherehani, pikipiki au pampu ya maji, hupelekwa mbele kiombewe kabla hakijaanza kazi. Mchungaji Kimeu alichovya kidole katika mafuta ya upako, akagusa kifuniko cha laptopu, akaomba, na waumini wakaitikia amina. Mama yake Kalekye, ambaye kila mtu humwita Mama Kavindu kwa jina la binti yake mkubwa, alikuwa amesimama karibu akitazama. Walipokuwa wakirudi nyumbani alisema:

"Mchungaji amepaka mgongo tu."

"Mwaitu," Kalekye alimjibu mama yake kwa Kikamba, "ni kompyuta. Ulitaka apake kichwa gani?"

"Kila kitu kina mahali kinapopatia nguvu."

Kalekye alicheka, akasahau.

Miezi michache baadaye mashine ilianza visirani. Kalekye angeketi kuhariri harusi ya watu, na picha zingeanza kwenda kwa kurukaruka kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Kitaa kidogo kando ya tundu la chaja kingewaka, kizime, kiwake tena. Alilaumu stima ya Kanyangi. Akabadilisha soketi, akabadilisha waya wa ekstensheni, akaenda kuchajia kwa jirani. Alipoona hakuna nafuu, alinunua chaja nyingine iliyoingia vizuri kwenye tundu lile lile. Hiyo ndiyo iliyozidisha ubaya, kwani sasa hata kufungua faili kulikuwa kama kuamsha mgonjwa.

Ndipo baba yao, Mzee Mutie, akafariki.

Kavindu, dada yake Kalekye, alikuwa Uarabuni, akifanya kazi katika nyumba ya watu. Pasipoti yake ilikuwa kabatini mwa mwajiri, na mwajiri alisema si wakati wa likizo. Alipiga simu akilia, kisha akaacha kulia ghafla, akazungumza kwa sauti ya mtu anayetoa maagizo.

"Kalekye, mimi sitakuja. Nionyeshe wakimshusha. Usiniletee video ya baadaye. Nataka niwe hapo wakati ule ule na nyinyi."

"Utaona."

"Niapie."

"Naapa, Kavindu. Utaona."

Kesho yake asubuhi Kalekye alikuwa mjini Kitui, katika kibanda cha Rashid, fundi wa kompyuta. Rashid alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akazichomeka chaja zote mbili, moja baada ya nyingine, na kuzipima kwa mita.

"Hii yako ya kwanza haina neno," alisema. "Hii uliyonunua juzi ni ya kompyuta ndogo. Inaingia, lakini haishibishi. Laptopu ya gemu ikinyimwa umeme inajipunguza mbio yenyewe, isije ikazimika."

Kalekye aliwaza ng'ombe wa plau aliyelala njaa. Humpigi akaenda mbio.

"Lakini hata na ile ya kwanza ilikuwa inasumbua."

Rashid alimulika tochi ndani ya tundu la chaja. Akainua macho.

"Dada, huwa unakula nini ukiwa kazini?"

"Sili."

"Hata sambusa? Hata kamandazi kamoja?"

"Nimekwambia sili karibu nayo!"

"Basi inakula yenyewe. Humu mna mafuta, na mafuta yameshika vumbi mpaka yakawa tope. Umeme utapitia wapi?"

Alilisugua tundu kwa kiburashi na pamba yenye spiriti, akarudia mara kadhaa hadi pamba ikatoka nyeupe. Kitaa kikawaka na kutulia. Alimpa Kalekye kile kiburashi na kichupa cha spiriti aondoke navyo. "Pawe pakavu hapa," alisema, "na mwenyewe hutanikumbuka tena. Na poleni kwa msiba. Mungu amrehemu mzee."

Kalekye alifika nyumbani akiwa ameshampata mkosaji. Muindi ndiye aliyekuwa akiazima laptopu kutazama mpira, na Muindi na chipsi hawaachani.

"Wewe na vidole vyako! Umenijazia mafuta kwa chaja!"

"Mimi? Hilo gari lako la wagonjwa naogopa hata kulipigia chafya, na unasema nalilisha chipsi?"

"Usiiguse tena. Hata kwa macho."

Muindi alikasirika kwelikweli, akaenda kupasua kuni za matanga bila kumuaga.

Siku ya kuamkia mazishi, Kalekye aliweka kamera chini ya hema na kumpigia Kavindu ili wajaribu. Picha ilitiririka kama maji. Kavindu aliona mbuzi, akaona majirani wakichambua mchele, akaomba kamera igeuzwe kwenye kiti cha baba yao kilichokuwa ukumbini. Walimwonyesha kiti hicho kwa muda mrefu. Mama Kavindu, aliyeketi kando ya Kalekye, alimpungia binti yake mkono kama mtoto.

"Na kesho itakuwa hivi hivi?" aliuliza simu ilipokatwa.

"Kama stima haitanisaliti." Kalekye alimwonyesha kwa kidole. "Angalia hapa, Mwaitu. Hapa ndipo nguvu inapoingilia. Pakigoma hapa, Kavindu haoni kitu."

Mama yake aliinama, akapatazama, akatikisa kichwa taratibu kuonyesha kwamba ameelewa.

Asubuhi ya mazishi, mama aliwaita watoto wa nyumba mmoja mmoja na kuwapaka mafuta kwenye paji la uso, kama alivyofanya kila mara safari ngumu ilipowakabili. Yalikuwa mafuta ya zeituni yaliyotiwa manukato makali ya waridi, ambayo aliyaweka katika kichupa ndani ya mkoba. Kalekye aliinamisha kichwa, akapakwa, akakimbilia kamera zake.

Ibada ilianza vizuri. Jenereta ilinguruma nyuma ya jiko chini ya ulinzi wa Muindi. Uso wa Kavindu ulikuwa pembeni mwa skrini, amejifunga leso kichwani, akiimba na kwaya kutoka huko aliko. Kalekye alikuwa ameziba taa za vitufe kwa kitambaa ili wazee wasinung'unike, na kitambaa hicho kilifunika pia kile kitaa cha chaji.

Mchungaji Kimeu aliposema watu wasogee kaburini, picha ilianza kurukaruka. Kalekye alivuta kitambaa. Kitaa kilikuwa kimezima. Mashine ilikuwa imekula betri ibada nzima, na betri ilikuwa ukingoni.

"Muindi! Jenereta!"

"Inanguruma, husikii?"

Spika za mchungaji zilikuwa zikifanya kazi. Kalekye alihamisha plagi kwenye soketi nyingine. Hakuna. Akachomoa ncha ya chaja kwenye laptopu, nayo ikamponyoka vidoleni. Ilikuwa inateleza. Alinusa vidole. Waridi.

Aliinua macho. Mama yake alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi, mkoba kifuani. Walipokutana macho, mama aliashiria kidogo kwa kidevu kuelekea laptopu, kama mtu anayesema, usiogope, nimeshughulikia.

Kalekye alipangusa ncha kwa sketi, akaichokonoa kwenye tundu, akapangusa tena. Kile kiburashi cha Rashid alikuwa amekiacha ndani ya nyumba. Jeneza lilikuwa limeshaning'inia kwenye kamba. Uso wa Kavindu uliganda, mdomo wazi, kisha skrini ikawa nyeusi na Kalekye akajiona mwenyewe ndani yake. Alinyakua simu iliyokuwa ikitoa mtandao, akapiga. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Kavindu alipopokea, alichoona ni migongo ya watu na sepetu zikisawazisha kichuguu cha udongo mwekundu.

Alikata.

Watu walipokuwa wakila, Mama Kavindu alimvuta Kalekye kando. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini kulikuwa na kitu kama tumaini ndani yake.

"Aliona?"

Kalekye alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa ametoka kumzika mume, na alishikilia ule mkoba kwa mikono miwili.

"Aliona, Mwaitu."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Nilijua," mama alinong'ona. "Nilijua tu."

Kavindu alipokea simu jioni.

"Ulisema umeitengeneza."

"Nilikuwa nimeitengeneza."

"Sasa ilikuwa nini?"

Jibu lilikuwa ulimini mwa Kalekye. Lakini Kavindu hakuwa mtu wa kuweka neno moyoni, na neno hilo lingefika kwa mama kabla kiti cha mzee hakijaondolewa ukumbini. "Mitambo tu," alisema. "Ukiulizwa na Mwaitu, mwambie uliona. Tafadhali."

"Nitamwambia. Yeye hana kosa. Lakini wewe uliapa, Kalekye. Usinipigie tena."

Jumapili ya kwanza baada ya matanga, Mama Kavindu alisimama kutoa ushuhuda. Alieleza jinsi mashine ilivyokuwa mgonjwa, mafundi wakahangaika nayo, naye akaipaka mafuta kimya kimya pale inapopatia nguvu, si mara moja, na binti yake akamwona baba akishushwa kaburini kutoka ng'ambo ya bahari. Kanisa lilisimama, vigelegele vikapigwa. Muindi, aliyeketi safu ya nyuma, aligeuka polepole akamtazama Kalekye, na Kalekye akakwepa macho yake. Alikuwa nyuma ya kamera. Kazi yake ilikuwa kurekodi, akarekodi.

Tangu hapo mama hafichi tena. Kila Kalekye anapopata kazi, mama huja na kichupa mlangoni. "Lete," husema, na Kalekye huinua laptopu, akaigeuza upande wa tundu, akasubiri. Kisha hushukuru, hubeba begi lake, na akishapita jiko huchuchumaa chini, hutoa kiburashi, pamba na spiriti, na kusugua mpaka pamba itoke nyeupe.

Simu za Kavindu huja kwenye simu ya mama.