Vigelegele Kabla ya Kamati

Jumanne nilikuwa ofisi ya udahili ya chuo kimoja kidogo hapa Saint Paul, cha aina ile ambayo mtu husoma falsafa asubuhi na kemia mchana. Mbele yangu alisimama mama Mkongomani, bado amevaa kizibao cha kazi cha ghala la Shakopee, mji wa jirani, na binti yake aliyetaka kuhamia pale kutoka chuo cha miaka miwili.

Afisa akasema, binti akatafsiri: "Mama, masomo yangu yote wameyahesabu. Nikiingia, naanza mwaka wa tatu. Sasa kamati..."

Hakumaliza. Mama alitupa mkoba chini akapiga vigelegele mpaka afisa akaruka kitini. Mimi nisiyemjua nikajikuta napiga makofi.

"Mama, please! Kamati bado haijaamua kama watanichukua!"

Mama akaokota mkoba, akajifuta jasho. "Umuambie, nimeshapiga. Sitavirudisha. Kamati watajua wenyewe."

Afisa alipotafsiriwa maneno hayo, alicheka hadi machozi, kisha akaomba afundishwe. Tukamwacha anahangaika na ulimi wake. Naye yumo kwenye kamati. Sijui kamati hizo huamuaje, ila sijaona mtu anayejifunza vigelegele ili aje aseme hapana.