Mpika bia anayetafuta mtawa wa kumkatalia

Mvuke umejaa chumbani na Godelieve Claerhout haoni kitu. Anavua miwani, anaipangusa kwa aproni, kisha anachota maji matamu ya kimea kutoka kwenye sufuria kubwa la shaba na kumpa kijiko mtawa aliyesimama kando yake.

Bruda Gommer anaonja, anakunja uso. "Tamu."

"Tamu vipi, Bruda? Hata sharubati ni tamu."

"Dada Lieve, mimi mtu wa chai. Unanijua."

Lieve, kama wote wanavyomwita hapa Kempen, kaskazini mwa Ubelgiji, aliingia Abasia ya Mtakatifu Odrada akiwa msichana wa kuosha chupa. Sasa ana miaka hamsini na minane na ndiye mpishi mkuu wa bia. Watawa wamebaki wanne. Bia ndiyo inayolipia mafuta ya kupasha nyumba joto na mkate unaogawiwa langoni, lakini haibebi jina la abasia mpaka mtawa aionje na kuikubali kabla bomba la kutolea maji ya kimea halijafunguliwa.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya Bruda Amand. Kiangazi kilichopita alivunjika nyonga, na ngazi za humu hataziweza tena.

Abate ametoa muda hadi Krismasi: apatikane mtawa anayeijua bia, la sivyo moto uzimwe. "Sitaki mtawa wa kuitikia tu," aliniambia nilipomhoji. "Hiyo itakuwa bia ya kiwandani iliyovaa kanzu yetu."

Mwenye nguvu aliyebaki ni Gommer, mpishi wa jikoni. Bia haipendi. Lieve hataki kusikia habari hizo.

"Vita vya kwanza Wajerumani waling'oa masufuria ya hapa, watawa wakaanza upya," anasema. "Mimi nishindwe na mtu mmoja wa chai?"

Tangu Septemba amemwonjesha kila pishi, na kila pishi Bruda amelikubali. Hilo ndilo linalomtisha Lieve. "Akikubali kila kitu, basi bado sina mtawa."

Leo ana haraka. Kengele ya sala i karibu kulia, na ikilia Bruda ataondoka, kazi isimame. Anashika bomba. "Tufungue?"

Gommer anaonja tena, taratibu. Kisha anashusha kiganja juu ya sufuria, ishara ya zamani ya watawa wakati wa ukimya: subiri. Amand naye alikuwa akifanya hivyohivyo.

"Ina unga bado. Huu uji, dada. Uji naujua."

Lieve anaonja. Kweli, ina unga; wanga wa kimea haujageuka wote kuwa sukari.

Kengele inalia. Bruda anavua aproni na kupanda ngazi.

Lieve anaachia bomba na kuketi juu ya kreti tupu. Anacheka huku akifuta macho, na safari hii si mvuke.

"Alhamisi tunapika tena," ananiambia. "Nitamwita Abate ashuke. Nataka asikie ninavyokataliwa."